Korniche Iliyobeba Msahafu

Zaina, mama,

Bismillahi nimeisema, kalamu nimeishika, na ni muda sasa natazama karatasi tupu. Mkono huu umezoea penseli ya fundi. Shule nilifika darasa la sita tu, na wewe unajua hata orodha ya misumari naandika nikitoka jasho. Vumilia. Nimemwambia Rajabu naenda nyumbani mapema, kisha nimezunguka nikaingia ateliye, karakana yetu, kwa mlango wa nyuma, kama mwizi kwenye kazi yangu mwenyewe. Nimekaa kwenye benchi lako. Alasiri nimeshaswali, jua bado liko juu ya mabati ya Jabe. Kule nyumbani Buyenzi wanawake wamejaa uani wanakata vitunguu vya dua ya kesho, na mama yako hataki mwanamume amkanyagie masufuria.

Ya pasipoti, ya simu, ya nani atakupokea uwanja wa ndege huko Uarabuni, mama yako ameshayasema mpaka umeziba masikio. Ya kuswali kwa wakati nayo sitaandika, kwa hilo hunihitaji. Naandika kwa ajili ya jambo moja tu, la kesho asubuhi.

Unajua desturi yetu mtu akisafiri. Tutakaa mkekani, dua itasomwa, halafu mmoja mmoja tutakushika mkono: nisamehe, nami nimekusamehe, tuhalalishane, hatujui nani atamuona nani tena. Utamwambia shangazi yako nimekusamehe, utamwambia jirani ambaye hata hamjawahi kutupiana neno. Nitakapofika mimi utasema vilevile, "Nimekusamehe, Baba," na machozi juu. Na utakuwa hujui umesamehe nini. Mimi nitaondoka hapo na msamaha wa wizi mfukoni. Nimeshakuibia mara moja, mama. Mara ya pili siwezi.

Ile korniche ya Rohero niliiharibu mimi.

Najua unavyoikumbuka wewe. Ulichora mshale kinyume, baba yako akaufuata, ubao ukaharibika. Ndivyo nilivyokuambia, na sivyo ilivyokuwa. Acha nianze nyuma kidogo, maana nikianza na radhi nitaishia kwenye radhi na hutaelewa ukubwa wake.

Ulikuwa na miaka kumi na minne ulipoanza kupita hapa ukitoka shule. Nilidhani unakuja kuchukua maranda ya kuwashia mkaa. Siku ile nilikuwa nahangaika na makabati ya jiko la mzee mmoja, ukanyoosha kidole ukauliza huu mkanda ni wa nini. Nikakuambia ni korniche, inakaa juu kabisa, pale kabati linapoishia na dari inapoanzia. Haibebi kitu. Ni urembo tu, lakini mtu akiingia jikoni akiiona imekaa sawa anasema hapa amepita fundi. Nikakuonyesha na taabu yake: haikai wima, imeinama mbele kama mtu anayechungulia, kwa hiyo ukitaka kukata kona yake lazima uilaze kwenye kisanduku cha msumeno kichwa chini, miguu juu. Kinachotazama dari kitazame meza. Kushoto kunakuwa kulia. Rajabu ana miaka ishirini kwenye kazi hii na mpaka leo kabla ya kukata anasimama anapinda shingo kama kuku aliyesikia kitu.

Wewe ulitazama kidogo tu. "Baba, si ni kama kujitazama kwenye beseni la maji?" Ukachukua penseli, ukachora mshale mdogo kwenye ukingo. "Huu unaenda dari. Hata uilaze vipi, huu ndio unaenda dari. Kwenye kisanduku lazima utazame chini." Nikakata. Kona ikafunga mpaka nikacheka peke yangu.

Jina langu unalijua. Fundi Yasini wa wembe. Nikimaliza kona nilikuwa natoa wembe mfukoni mbele ya mwenye nyumba, naujaribu kwenye kiungo, hauingii, watu wanashangaa. Mpaka msikitini wananiita hivyo. Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata mama yako. Tangu ulipoanza kunichorea mishale, wembe ule ulikuwa wa kwako. Mimi nilikuwa naushika tu.

Rajabu naye hakukosa la kusema. "Fundi, huyu mutoto wa kike unamufundisha randa, mumewe atakula nini? Maranda?"

Nawe bila kugeuka: "Atapikiwa na Tonton Rajabu, si anashinda hapa bila kazi."

Ateliye nzima ilicheka siku ile, Rajabu kuliko wote. Mi nilicheka pia. Lakini kuna mahali palikuwa pananichoma, na nilipaficha vizuri. Wateja walianza kuuliza, "Yule binti yuko?" kabla ya kuuliza mimi niko. Ndiyo maana siku moja nilikukemea bila sababu kwa kuchora mshale mara mbili, mmoja ukingoni na mwingine mgongoni mwa mbao.

"Mara moja inatosha, mama. Penseli haioti shambani."

"Lakini Baba, ukiilaza kifudifudi uso usichubuke, ule wa ukingoni hauonekani."

"Nimesema mara moja."

Ulikuwa na haki na nilijua una haki. Ulisema sawa Baba. Huo mshale wa mgongoni ukumbuke, nitaurudia.

Halafu ikaja kazi ya yule Madamu wa Rohero. Jiko lote, juu na chini, makabati ya mbao nyekundu ya libuyu, korniche kuzunguka kuta tatu. Tulifanya kazi ile mimi na wewe karibu miezi miwili. Wakati huo maji yalikuwa yamejaa Gatumba kule mpakani, nyumba za watu zimezama, malori ya mbao kutoka Kongo hayapiti. Libuyu tuliyokuwa nayo ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Ikafika siku ya mwisho, kimebaki kipande kimoja kirefu cha ukuta wa dirishani, chenye ile kona ya nje ambayo mtu akiingia jikoni macho yanaangukia hapo kwanza. Jioni Madamu alikuwa na wageni.

Ilikuwa Ijumaa. Ulipima, ukachora, ukakilaza kipande vizuri kwenye vibao, ukaniambia, "Baba, nisubiri kidogo. Kola ya kugundishia imeisha, nakimbia dukani. Tukate pamoja."

Sikukusubiri. Nilikuwa nimeshatia udhu kwenye bomba la uani, maji yalikuwa bado yanadondoka kwenye viwiko. Niliitazama saa. Niliwaza safu ya mbele, mahali pangu pale nyuma ya imamu, na yule jamaa anayependa kuniwahi. Nilitaka kukata, kugonga, kutoa wembe, halafu niende msikitini kazi imekwisha na jina langu liko juu. Nikaiweka mbao kwenye kisanduku kama inavyokaa ukutani, kichwa juu. Kosa la mtu wa siku ya kwanza. Mshale wako ulikuwa pale ukingoni, wa bluu, unatazama juu, nawe ulikuwa umenifundisha kwamba kwenye kisanduku lazima utazame chini. Sikuuangalia. Nikakata.

Nilipoiinua na kuipeleka ukutani nilijua kabla sijafika. Kona ilikuwa imeinamia upande wa pili, na urefu umeshakwenda. Hakuna namna ya kuirudisha.

Sasa sikiliza, mama, maana hapa ndipo penyewe. Kukata vibaya si dhambi. Hata mafundi wakubwa wanakata vibaya. Mimi nilichukua msasa nikausugua mshale wako. Nilisugua mpaka ukingo ukawa safi, nikapuliza vumbi, nikapitisha kidole kuona kama kumebaki kitu. Udhu wangu ulikuwa haujakauka. Kisha nikaenda kuswali.

Safu ya mbele niliipata. Hotuba ilihusu nini sijui mpaka leo. Nilikuwa nimekaa pale natazama vumbi la msasa chini ya kucha zangu, nafikiria nitasema nini. Mtu anaweza kukaa mbele kabisa ya watu wote, paji la uso limegusa mkeka, na kichwani anapanga uongo wa kumwambia mtoto wake. Niliyafanya hayo, sikusimuliwa.

Niliporudi, Madamu alikuwa jikoni amesimama na kipande mkononi. Wewe ulikuwa juu ya stuli unapangusa milango, na kola umeiweka pale chini.

"Fundi Yasini, hii ndiyo kona isiyopita wembe? Hapa inapita pikipiki na abiria wake."

Akakigeuza kipande mbele ya macho yangu.

"Nani amekata hii?"

Neno lilikuwa moja tu, mama. Mimi. Herufi nne. Nikasema, "Madamu, mtoto bado anajifunza."

Akaguna. "Si niliona tangu mwanzo! Msichana kwenye kazi kama hii. Apana, fundi, jikoni kwangu apana."

Ukashuka kwenye stuli. Hukukataa, hukulia. Ulichukua kipande ukakigeuza kwenye mwanga wa dirisha ukitafuta ukingoni.

"Baba, mshale wangu uko wapi?"

"Nimeusugua. Ulikuwa umegeuka."

"Niligeuza?"

"Uligeuza, mama. Mi nikafuata mkono wako."

Ulinitazama. Ningetaka kukuambia kwamba ulinitilia shaka, ingenipunguzia. Lakini hukunitilia shaka hata kidogo. Uliniamini mimi, ukajitilia shaka wewe. Niliona kitu kikizimika usoni mwako na nikageuka kutafuta nyundo.

Ile kona nikaiziba na vipande viwili vya mbao nyingine, nikapaka rangi ifanane, nikajaza nyufa na vumbi la mbao na kola. Wageni walikuja jioni, hakuna aliyeona. Kipande kilichoharibika nilikibeba nyumbani. Libuyu ni mbao nzuri, sikutaka kuitupa. Nilikata mwisho mmoja, nikakifunga ukutani karibu na mlango, na kwenye ukingo wake mpana tukaweka Msahafu. Wewe mwenyewe ulisema, "Angalau kosa langu limepata kazi nzuri, Baba." Nikasema inshallah. Nikasema inshallah, Zaina!

Baada ya hapo ulipima kila kitu mara tatu. Ulisimama na kipande mkononi, unaniuliza, "Baba, hii juu ni juu kweli?" Wewe, ambaye ulinifundisha mimi. Ningeweza kusema siku yoyote. Kila asubuhi iliniletea siku nyingine ya kusema, nami nikaipitisha. Nilijiambia atasahau, ni mtoto. Nilijiambia ukweli utamuumiza zaidi. Nilijiambia mambo mazuri sana. Kumbe sikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa nalinda wembe.

Halafu wale masista walipotoa nafasi kwenye shule yao ya ufundi, wasichana wawili kwenye useremala, na mwalimu wako akaleta jina lako mpaka hapa ateliye, ulimwambia nini? Nilikuwa nimesimama palepale nanoa patasi.

"Asante, mwalimu, lakini macho yangu yanageuza vitu. Muulize Baba."

Akaniuliza. Mwalimu yule alinigeukia akaniuliza, "Ni kweli, Mzee Yasini?"

Nikasema, "Mwenyewe ndiye anajijua."

Wiki ileile ulitundika vazi lako la kazi kwenye ule msumari. Ukaniambia taratibu, kama mtu anayemwachia mwingine kiti, "Baba, nisije nikakuharibia jina." Rajabu alitikisa kichwa: "Si nilikuambia, fundi? Randa haina urafiki na wanawake." Na mimi nilicheka naye. Vazi liko pale mpaka sasa naandika, limeshika vumbi mabegani kama mtu aliyekaa barabarani.

Ukauza vitenge sokoni hapa Jabe. Ukaanza kuvuka Gatumba na wale mama wa Uvira, na ndizi, na sabuni, unarudi miguu imevimba. Ulinyamaza kuhusu mbao kabisa. Hata meza ya nyumbani ilipolegea mguu ulimwita mdogo wako aigonge, na wewe unaona kabisa anagonga vibaya. Na sasa huko unakokwenda kufanya kazi za ndani utapanda kwenye stuli ya nyumba ya watu na kitambaa mkononi, utapangusa vumbi juu ya makabati waliyotengeneza wengine. Utaziona korniche zao. Utaona kona zilizofungwa na zilizozibwa. Na mikono yako ingeweza kuzikata vizuri kuliko zote.

Sikuambii usiende. Nimewaza kukuambia, kalamu imesimama hapo muda mrefu. Lakini nikikuzuia leo nitakuwa nimekata tena bila kukusubiri, kwa haraka zangu mimi, ili mimi nilale. Umeamua, una sababu zako, na baba mwenye mdomo kama wangu hana haki ya kupandisha sauti jioni ya mwisho.

Kinachonila ni kingine. Unakwenda kwenye nyumba isiyokuwa na mtu wako. Siku moja kikombe kitavunjika, au nguo itaungua, au kitu kitapotea, na watasema ni wewe. Na mimi nimeshakufundisha. Nimekufundisha vizuri sana, kuliko nilivyokufundisha randa: mtu mzima akikuambia umekosea, unakubali, unatafuta kosa kwenye macho yako mwenyewe. Wengine wanawapa watoto wao kwa safari hizi nguo mpya na anwani za watu. Mimi nimekupa hicho. Namwomba Mwenyezi Mungu akitoe ndani yako, maana mimi nilijua kukiweka tu. Wakikuambia ni wewe, mama, usiharakishe kuangalia nyuso zao. Angalia mkono wako kwanza. Kumbuka ulishika nini, saa ngapi, ulikiweka wapi. Mkono wako unakumbuka vizuri. Siku zote ulikuwa unakumbuka vizuri.

Wiki iliyopita nilikwenda Rohero. Nilivaa kanzu safi, nikapiga kengele kwa yule Madamu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima: Madamu, miaka minne iliyopita nilikudanganya, korniche niliikata mimi, binti yangu hana kosa. Nilidhani atanifukuza, au atawaambia wenzake, na jina la wembe liishe. Nilikuwa tayari, wallahi.

Alinikaribisha mpaka jikoni. Makabati yamepakwa rangi nyeupe yote, mbao haionekani tena. Nikasema maneno yangu. Akanisikiliza huku anatafuta kitu kwenye simu.

"Korniche?" akasema. "Ni ile ya hapo juu? Sasa iko na shida gani?"

"Kona ya dirishani, Madamu. Ile iliyoharibika."

Akatazama juu. "Mi sioni kitu, fundi. Iko sawa tu."

"Na binti yangu, ulisema..."

"Ulikuja na binti?" Alicheka, hakuwa na ubaya. "Pardon, Mzee. Wamepita mafundi wengi hapa. Utakunywa chai?"

Sikunywa chai. Nilitembea kwa miguu kutoka Rohero mpaka nyumbani, jua la saa sita, na kila hatua nilikuwa nasikia "ulikuja na binti?" Nilikuuza, mama, ili mtu mmoja anione fundi, na mtu huyo hakuliweka hilo kichwani hata mwezi. Ni wewe uliyeliweka. Ulilibeba miaka yote, na mimi nikikuona unalibeba.

Sasa nirudi kwenye ule mshale wa mgongoni.

Juzi mama yako aliniambia nitelemshe Msahafu aufunge kwenye kitambaa, uondoke nao. Nilipouchukua niliona rafu imelegea. Nikafungua skrubu ili niikaze vizuri. Miaka minne haijawahi kutoka ukutani. Nikaigeuza.

Ulikuwa umechora mara mbili. Nilikuwa nimekukataza, ukasema sawa Baba, na mbele yangu ulichora mmoja, kisha nikigeuka ukachora wa pili mgongoni, kwa sababu ulijua kazi kuliko ulivyoniogopa. Mshale upo, Zaina. Ule wa penseli ya bluu uliyokuwa unaichonga kwa kisu. Na kando yake ule mstari wako wa mshazari wa kuonyesha msumeno uinamie wapi. Niliushika ubao nikausimamisha kama unavyokaa juu ya kabati. Mshale unatazama dari. Mstari unainamia upande wa ile kona ya dirisha kule Rohero. Kila kitu kiko mahali pake. Hakuna ulichogeuza.

Nilikaa chini. Kumbe miaka yote tulikuwa tukimaliza kusoma tunaufunika Msahafu, tunaurudisha juu ya uongo wangu, na ushahidi wako uko nyuma yake umeegemea ukuta. Hata ningekuwa na moyo wa kuusugua huo nao, sikujua kama upo. Mungu aliuficha mahali nilipokuwa naswali jirani yake kila siku.

Nikaukaza ubao tena ukutani, na sikukuambia. Siku tatu. Uone ninavyojua kuchelewa, hata nikiwa nimeshaamua.

Barua hii nitakupa mkononi leo baada ya Magharibi. Sitaiweka ndani ya begi uikute huko mbali. Isome kabla ya wageni wa kesho. Ukimaliza, usiniamini mimi, umeshaniamini vya kutosha. Nenda kwenye rafu. Ni skrubu mbili tu, tunavisi ya kuzifungulia nitaiacha juu ya kiti cha mlangoni. Fungua, geuza, tazama mshale wako unakwenda wapi. Ukitaka kuukata ule ubao uondoke na kipande chako, msumeno mdogo nitauacha pia. Safari hii sitakukatia.

Kama unataka kumwambia mama yako, mwambie. Rajabu nitamwambia mimi, Jumatatu, mbele ya ateliye nzima, na wale masista nitakwenda kwao, ingawa nafasi ile ilishachukuliwa na mtoto wa mtu mwingine na sitarajii kitu. Vazi lako halitatoka kwenye msumari.

Na kesho zamu yangu ikifika mkekani, nitanyoosha mkono kama wengine na nitasema nisamehe, maana lazima niseme. Watu watakuwa wanatazama. Usijibu kwa ajili yao. Kama neno halipo kinywani, usilitafute. Nyamaza tu, mi nitainama nibebe begi lako, na hakuna atakayejua kwamba hukujibu ila mimi na wewe na aliyetuumba sisi wawili. Na kunyamaza kwako nitaondoka nako. Ni haki yangu zaidi kuliko kile nilichotaka kuiba.

Adhana inaanza. Nakwenda kuswali, safu yoyote nitakayoikuta.

Aliyekata ni mimi.

Baba yako,
Yasini